Tilia Maji Soda

Tulipomzika Mwalimu Ndinda, Jumamosi moja mwezi uliopita, nilikuwa kwenye foleni ya chakula nimeshika sahani, na nyuma yangu walikuwepo akina mama wawili ambao sikuwajua. Mmoja alimwuliza mwenzake kama huyu mwalimu ndiye yule aliyekuwa akifundisha watu sabuni na mishumaa kwa simu. "Ndiye," mwenzake akasema. "Lakini Kiswahili chake kilikuwa kigumu, ati mpaka kikachoma mama mmoja huko Tseikuru." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya, vile watu hucheka matangani wakichoka kulia. Msichana wa kupakua akaniuliza kama nataka wali ama muthokoi. Nikasema muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, nikasonga mbele, nikaenda kukaa chini ya hema na kula chakula chote. Sikugeuka kuwaambia kitu. Nilijiambia kwamba huwezi kuanza kusahihisha watu ukiwa na sahani mkononi, na huenda ni kweli, lakini nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu siku ile na sasa naona afadhali niandike. Ile sentensi iliyomchoma mama wa Tseikuru haikuwa ya Ndinda. Ilikuwa yangu. Ndinda hata aliiwekea alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Mimi niliacha shule darasa la nane, na kuandika nimejifunzia kwenye madaftari ya kila siku, kwa hiyo msomaji anisamehe nikipotea njia. Madaftari ya mwaka niliofanya kazi na Ndinda ni manne, na ninayo hapa mezani. Pale daftari linaposema, nitafuata daftari. Pale lisiposema, nitasema sikumbuki vizuri. Jambo moja tu ndilo sihitaji daftari, nalo ni kazi yenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na kwa miaka sita nilikuwa nimepika sabuni na kumwaga mishumaa pale Kabati, na kwa kazi hiyo sikuwa na wasiwasi na mtu yeyote. Nilijua nta ya mzinga ikiwa imechanganywa na uchafu kwa kuinusa tu. Nilijua utambi wa mshumaa ukiwa mnene kuliko inavyofaa kabla sijauwasha. Nikikoroga sabuni, nilijua kwa uzito wa mwiko kwamba sasa imeshikana, imwage, bila kutazama saa. Hata leo, nikiwa na shaka juu ya karibu kila kitu kingine, mikono yangu haina shaka.

Ndinda alinipata sokoni Kabati akinunua mishumaa ya kanisa lao. Aliuchukua mshumaa mmoja, akaupindua, akauliza kwa nini wangu hautoki shimo katikati kama ule aliozoea kununua. Nikamweleza kuhusu kumwaga mara mbili, kwamba nta ikipoa inajivuta, kwa hiyo unaacha ipoe kidogo halafu unaongeza juu. Akaniacha niongee mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, wewe ni mwalimu na hujui." Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi na alikuwa ameiacha hiyo kazi mwaka huohuo. Alikuwa na wazo: wako akina mama wengi Kitui na Makueni wanaotengeneza sabuni na mishumaa kwa kukisia, wanaharibu mafuta, wanaharibu nta, na kila mmoja ana simu. Yeye alijua kupanga masomo. Mimi nilijua kitu cha kufundisha. "Njoo Malili," akasema. "Kwangu kuna chumba na mtandao haupotei."

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mabati na misumari, kando kabisa ya barabara kuu ya Mombasa. Vilikuwa vyumba viwili, changu na cha Ndinda, na ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao nyembamba, kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule anamwambia pole. Upande wa pili wa jengo kulikuwa na saluni, na kutoka asubuhi mpaka jioni tulisikia habari za watu wa Malili wote, nani amejenga, nani amehama kanisa na kwa nini. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza na rafu tatu za kukaushia sabuni. Ukutani Ndinda alibandika karatasi kubwa ya manila, akaigawa kwa rula vyumba kumi na viwili, kila chumba somo moja. Ile karatasi nilikuwa naiangalia kabla ya kulala kama mtu anayeangalia picha ya harusi yake. Sikuwahi kuona kitu ninachokijua kikiwa kimepangwa hivyo. Kwangu ujuzi ulikuwa umekaa mikononi tu, umechanganyika, na huyu mwanamke alikuwa anautoa mmoja mmoja kama mtu anayetoa mawe kwenye maharagwe.

Tulibishana kuhusu mpangilio karibu wiki mbili. Mimi nilitaka tuanze na mishumaa kwa sababu ni rahisi na watu watafurahi mapema. Ndinda alitaka tuanze na hatari. "Mtu akifurahi kwanza hasikii tena," alisema, akila ndengu amesimama, kwa maana hakuwa mtu wa kukaa chini kwa chakula, alikula huku akisoma mpango ukutani na kijiko kikiwa hewani. Nilipika mimi siku nyingi, muthokoi kwenye jiko la makaa hapo kibarazani, na yeye akapika chapati Jumapili baada ya kanisa. Mwisho nilikubali, na alikuwa sahihi. Somo la kwanza halikuwa na sabuni hata kidogo. Lilikuwa ni glavu, nguo ya mikono mirefu, mlango wazi, watoto nje, usitumie sufuria ya aluminiamu kwa sababu dawa ya kupikia sabuni inaila, na la mwisho nililisema kwa maneno yangu mwenyewe: "Ikikurukia, osha na maji. Osha, osha, osha mpaka uchoke, halafu uendelee kuosha." Ndinda alitaka kuipunguza hiyo sentensi, kisha akaiacha.

Kupunguza ndiko kulikuwa kazi yake kubwa. Akina mama wengi walinunua bando ya siku moja tu, kwa hiyo aliamua kwamba hakuna ujumbe wa sauti utakaozidi dakika mbili. Alikaa mbele yangu na saa yake ya mkono. Tulirekodi tukiwa tumejifunika blanketi ili kelele za barabara zisiingie, mchana, kwa lile joto la Malili, na tulisubiri kati ya lori na lori. Akisikia moja likipanda kutoka upande wa Konza anainua kidole, nakaa kimya, lori linapita, anashusha kidole, naendelea. Tukitoka chini ya lile blanketi tulikuwa tumelowa kama tumetoka mtoni. Wanafunzi walikuwa thelathini na wawili, wote kwenye kikundi kimoja cha simu. Somo la pili, tulipowaambia watafute soda, mama mmoja wa mji wa Wote aliuliza kwenye kikundi, "Soda gani mwalimu, nyeusi ama ya machungwa?" Mwingine akajibu, "Ya machungwa inatoa povu mzuri." Walicheka siku mbili. Ndinda naye alicheka, halafu akachukua kalamu akaandika kwenye mpango: Kuanzia sasa ni kostiki soda, ya unga, ya dukani kwa wauza dawa za kutengeneza sabuni. Hakuna kitu alikiacha kipite hivihivi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kati ya somo la pili na la tatu, mchana mmoja, nilikuwa kibarazani nachambua pojo, na Ndinda alikuwa ndani akiongea na simu. Sikuwa natega sikio, ila ukuta nimeshaueleza. Nikamsikia akisema, "Wayua kazi anaijua. Lakini Kiswahili chake kinaumiza masikio." Halafu lori likapita, refu, lile la matela mawili, na lilipokwisha kupita Ndinda alikuwa anacheka. Niliendelea kuchambua pojo. Daftari la siku ile lina mistari miwili tu: "Nimesikia vile Kiswahili changu kinaumiza masikio. Ni kweli. Nitajifunza." Nikisoma leo naona nilivyoandika kwa utulivu, lakini nakumbuka kwamba jioni ile sikula.

Kwenye kikundi kulikuwa na mama mmoja wa Mwingi, Mama Zuhura, ambaye watu wake walitoka pwani zamani. Alijifunza mishumaa zaidi kuliko sabuni. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikilizwa mara mbili, na watu walisikiliza mara mbili kweli, hata kama alikuwa anauliza tu bei ya utambi. Siku moja alieleza vile anavyowapokea wateja nyumbani, akasema, "Namtilia chai sukari, namwambia anywe kwanza." Namtilia chai sukari. Nililirudia hilo neno mbele ya kioo. Nililiona zuri kuliko kuweka. Kuweka ni neno letu la kila siku, tunaweka maji, tunaweka chumvi, tunaweka mtoto kitandani. Kutilia lilionekana kama neno lililovaa viatu.

Somo la tatu lilikuwa ndilo la kuchanganya soda na maji, na hapa kuna sheria moja ambayo haina mjadala. Unaanza na maji, halafu soda inaingia kwenye maji, kidogo kidogo. Ukigeuza, ukaweka soda kwanza halafu ukaimwagia maji, inachemka hapohapo na kuruka. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye mpango: "Maji kwanza. Halafu soda ndani ya maji, pole pole." Usiku baada ya kusikia vile nilivyosikia sikuigusa hiyo sentensi, lakini asubuhi niliifuta kwa rula, mstari ulionyooka, na juu yake nikaandika: "Tilia maji soda, kidogo kidogo, huku ukikoroga." Ndinda alisoma. Kalamu yake nyekundu ikasimama kwenye tilia.

"Hii watu watasikia?" akaniuliza.

"Ni Kiswahili sanifu, mwalimu. Kwani sanifu ni ya walimu peke yao?"

Aliniangalia. Nafikiri alishangaa sauti yangu, kwa sababu hatukuwa tumewahi kujibizana hivyo. Akaweka alama ndogo ya kuuliza pembeni. "Haya. Somo ni lako." Kwa haki, angeweza kukataa, na yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba alipaswa kukataa. Na kwa haki tena, ile sentensi si kosa. Mama Zuhura akitilia chai sukari, sukari ndiyo inaingia kwenye chai. Kwa hiyo ukitilia maji soda, soda ndiyo inaingia kwenye maji. Mtu wa Mwingi wa ukoo wake angefanya sawasawa kabisa. Lakini huku kwetu hatutilii. Huku mtu akisikia "tilia maji" ameshasikia vya kutosha, anajua anaambiwa amwage maji, na soda atakuwa ameshaitangulizia kwenye beseni, kama vile unga wa uji unavyotangulia kwenye bakuli. Nilijua hivyo. Hilo ndilo siwezi kulipindisha. Mimi ni mtoto wa huku, nilijua vile watu wangu husikia, na nikaandika kwa ajili ya sikio lingine. Tulirekodi kabla ya saa nne asubuhi. Ndinda aliangalia saa akasema tumeokoa sekunde tisa.

Siku mbili baadaye nilikuwa nakata sabuni, Ndinda akaingia na simu mkononi, uso wake umebadilika. Ulikuwa ujumbe wa Kasyoka, mama wa Tseikuru aliyekuwa akitengeneza sabuni ya mafuta ya mbuzi. Alikuwa hajautuma kwenye kikundi, ameutuma kwa mwalimu peke yake. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Mwalimu, ile kitu imeniruka. Mkono, na hapa kwa jicho kidogo. Nimeosha. Nimefanya vile mlisema. Sasa niambieni nimekosea wapi nisirudie."

Ndinda alimpigia hapohapo, akamwambia aende dispensari asikawie. Kisha tukatuma maandishi kwenye kikundi, kwa herufi kubwa: maji kwanza, soda ndani ya maji, ule ujumbe wa somo la tatu usitumike. Hatukusema kwa nini. Ndinda alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwa akifanya, akasema, "Tukisema mtu ameungua, watatoka wote. Tuseme tu tumeboresha somo." Wasomaji wasimhukumu haraka. Alikuwa ameacha kazi kwa ajili ya ile karatasi ya manila, na wanafunzi walikuwa wameshaonywa, na hilo ndilo alilitanguliza. Anayestahili kuulizwa ni mimi, kwa sababu nilikubali upesi mno. Wateja wangu wa Kabati walikuwa ndani ya kile kikundi. Jina nililokuwa nalo sokoni lilikuwa moja tu, kwamba sabuni ya Wayua haichomi. Nilisema, "Ndio, tumeboresha," nikarudi kukata sabuni, na vile vipande vya siku ile vyote vilitoka vimepinda.

Lakini tulikubaliana kwamba lazima twende kumwona. Tuliondoka Jumamosi, na tulipofika Mwingi ikabidi tusubiri gari la kwenda juu, tukaingia kibanda cha chai. Hapo ndipo Ndinda aliniuliza bila kuniangalia, "Hiyo tilia uliitoa wapi, Wayua?" Nikamwambia. Nikamwambia na yale niliyoyasikia kupitia ukuta, neno kwa neno. Akaweka kikombe chini.

"Hayo hayakuwa maneno yangu. Alikuwa ni dada yangu, amesikiliza somo la pili akasema hivyo, mimi nilikuwa ninamrudishia. Nikamwambia, anaumiza masikio yako wewe, lakini wale wa Tseikuru wanamwelewa kila neno. Hiyo hukusikia?"

"Lori lilipita."

Ndinda alianza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso, na hakikuwa kicheko cha furaha. Sina njia ya kuthibitisha kwamba alisema vile kwa dada yake. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikaa naye mwaka mzima na sikumwona akidanganya hata muuza nyanya.

Boma la Kasyoka lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba, na mbuzi walikuwa wamerudi kunywa maji. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mrefu, amevaa sweta ya mikono mirefu kwenye jua la Tseikuru ambalo linafanya mbuzi wenyewe watafute ukuta. Jicho lilikuwa jekundu kwenye kope, lakini lilikuwa linaona. Dispensari walimwambia litapona. Alitukaribisha, akatuletea viti, akatupikia chai ya maziwa ya mbuzi, na hakutaka habari yoyote ianze kabla hatujamaliza kikombe cha kwanza. Halafu akakunja mkono wa sweta. Kutoka kwenye kifundo kwenda juu ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu na nyeupe, kwa urefu wa kiganja.

"Dada wa dispensari ameniuliza nani aliniambia nioshe na maji mengi hivyo," alisema. "Ati majirani wangenipaka maziwa ama asali. Nikamwambia ni simu ilisema, osha mpaka uchoke. Nilimaliza mtungi mzima wa lita ishirini, maji ya siku mbili. Punda wangu wa kubeba maji alinishangaa." Kisha akatoa simu mfukoni, akaipangusa kwa leso, akabonyeza. Ikatoka sauti yangu, imejifunika blanketi, inajivuna: tilia maji soda, kidogo kidogo. Akaizima. "Sasa nimesikiliza hii mara nyingi. Mimi nilikosea wapi?"

Ndinda alivuta pumzi. "Mwaitu," akasema, vile tunavyomwita mama wa heshima, "sisi kama walimu..." Nadhani alikuwa anataka kujibebesha kosa. Sina hakika. Sikumwacha amalize.

"Hukukosea, mwaitu. Ni mimi." Nikamweleza kwa kikombe kilichokuwa mbele yetu. Kwamba kuna watu wakisema tilia chai sukari, sukari ndiyo inaingia. Kwamba nilijua hapa kwetu hatusemi hivyo. Kwamba mwalimu aliniuliza, nikamjibu vibaya. Kwamba nilitaka kuonekana nimesoma.

Kasyoka alilionja lile neno. "Tilia." Akalirudia. "Wewe si mtoto wa Kabati? Hiyo tilia ni ya kabila gani?"

"Nimeiazima Mwingi."

"Rudisha." Akacheka mwenyewe, kidogo, halafu akaangalia mkono wake. "Unajua hii wiki nimekuwa najiambia nini? Kwamba mimi ni mama mjinga. Kwamba wenzangu wote wamefanya, mimi peke yangu ndio nimeshindwa kuchanganya unga na maji. Kanisani nimeenda na hii sweta. Mchungaji ameuliza kama nina homa, nikasema ndio. Nimedanganya mchungaji juu ya hiyo neno yako."

Nilikisogeza kikombe changu pembeni.

"Na wale wengine," Kasyoka akasema, "mmewaambia nini?"

"Tumewaandikia wasitumie ule ujumbe," Ndinda akajibu. "Maji kwanza."

"Mmewaambia kwa nini?"

Mbuzi mmoja aliingiza kichwa mlangoni, Kasyoka akamrushia ganda la hindi bila kugeuka. Alitusubiri. Naweza kusema kwamba nimesubiriwa na watu wengi maishani, na hakuna aliyenisubiri kama yule. "Basi sema," aliniambia mwishowe, akinipa simu yake mwenyewe. "Sema mimi nikisikia. Na jina lako uliweke hapo."

Mtandao ulikuwa unapatikana mahali pamoja, penye lango la boma, karibu na jiwe. Nilisimama hapo. Niliwaza juu ya meza yangu pale Kabati na akina mama wanaopita wakichagua vipande. Niliwaza kwamba kesho watavinusa na kuviweka chini. Nilirekodi mara mbili nikafuta, kwa sababu mara zote mbili nilijikuta nimeingiza maneno ya kujikinga, mara ya kwanza "kwa bahati mbaya", mara ya pili "huenda baadhi yenu". Mara ya tatu nilisema hivi, na niliyanakili kwenye daftari jioni ileile: "Mimi ni Wayua wa Kabati. Somo la tatu nililipanga mimi. Nilitumia neno ambalo nilijua mtaligeuza, kwa sababu nilitaka niongee kama mtu amesoma. Mama Kasyoka amefanya vile nilisema na amechomeka mkono na jicho. Jicho litapona. Yeye hakukosea, na mwalimu hakukosea. Ni mimi." Ndinda hakuangalia saa.

Kisha hakukuwa na jibu. Zile alama mbili za kuonyesha ujumbe umefunguliwa ziligeuka rangi, mmoja baada ya mwingine walikuwa wanasikia. Kasyoka alikaa juu ya jiwe. Mimi nilishindwa kukaa. Baada ya muda ambao naukumbuka mrefu, na Ndinda alisema baadaye kwamba ulikuwa mfupi, yule mama wa Wote aliyeuliza soda ya machungwa alituma sauti. Alikuwa anaongea chini, kama mtu aliye na watu karibu. "Hata mimi ilinirukia. Vidole. Nikanyamaza nikasema ni vile mimi sikusoma." Akafuata mmoja wa Kibwezi: ilimrukia kwa mguu, ameweka beseni lote chini ya kitanda, hajaligusa tena. Akafuata mwingine. Walikuwa watano kabla ya jua kuzama, na wanne kati yao Ndinda alikuwa ameandika majina yao kwenye rejista yake kwamba hawana bidii, kwa sababu tangu somo la tatu walikuwa kimya. Alitoa rejista kwenye mkoba pale langoni, akayatafuta yale majina, akafuta lile neno la bidii mbele ya kila moja. Alimpigia kila mmoja, akiuliza kidole kipi, mguu upi, umeosha kwa muda gani. Wa mwisho kuandika siku ile alikuwa Mama Zuhura wa Mwingi, ambaye kwake hakuna kilichoruka. Alisema, "Wayua mwanangu, neno ni zuri lakini si la kila jikoni. Somo la tatu lirudiwe, na mimi nitarudia nanyi."

Ndinda aliniangalia mimi, kwa sababu somo lilikuwa langu. Mimi nikamwangalia Kasyoka, nikamwomba alirudie yeye.

Alikataa mara mbili, akasema yeye hana Kiswahili. Tukamwambia tumeona kazi ya wenye Kiswahili. Basi akafunga mbuzi nje, akavaa glavu, akatoa beseni lake la plastiki na ile soda iliyobaki, akaniagiza niondoe kila kitu kilichokuwa mezani hata vikombe. Ndinda alishika simu akirekodi. Kasyoka aliinamia ile simu kana kwamba ndani yake kulikuwa na mtu mdogo asiyesikia vizuri.

"Mnanisikia? Ni Kasyoka. Mimi ndio nilichomeka. Soda usiguse, iache hapo iko. Enda ulete maji. Weka maji kwa beseni, maji peke yake. Enda sasa. Mimi nangoja."

Na akangoja kweli. Alikunja mikono akatazama mlangoni, kama mtu aliyemtuma jirani kisimani, na ule ujumbe ukaendelea kwenda, bila neno. Ndinda, ambaye alikuwa amepigania kila sekunde mwaka ule, alianza kuinua kidole. Nikakiona kimefika usawa wa kifua. Halafu akakishusha. Nje mbuzi walikuwa wanakwaruza miiba. Kila mwanamke wa Wote, na Kibwezi, na Kabati, akiusikia angekwenda kuchota maji yake, na Kasyoka alikuwa anawapa muda wa kwenda na wa kurudi.

"Umefika?" alisema mwishowe. "Haya. Sasa ndio tuguse soda."